Bibi Harriet Tubman

Leo sikilizeni habari za Harriet Tubman, mwanamke wa Marekani. Alizaliwa mtumwa katika jimbo la Maryland, yapata mwaka 1822.

Siku moja, angali msichana, alikuwa penye mlango wa duka. Nyapara mmoja alikuwa akimfukuza mtumwa mwingine, akamtupia chuma cha mizani chenye uzito wa ratili mbili. Chuma kilimkosa yule mtu, kikampiga Harriet kichwani. Hakufa, lakini tangu siku ile kichwa kilimwuma, na usingizi mzito ulimshika ghafula, hata katikati ya mazungumzo.

Mwaka 1849 alitoroka, akafika Philadelphia, mahali pasipo utumwa. Angaliweza kutulia huko. Lakini alirudi Maryland kiasi cha mara 13, akawatoa watu wapatao 70, pamoja na wazazi wake. Walisafiri usiku, na wengi aliwafikisha mpaka Kanada, kwa kuwa sheria ya mwaka 1850 iliruhusu watoro wakamatwe hata katika majimbo ya kaskazini. Usingizi ulipomshika njiani, wenzake walingoja kimya mpaka aamke. Fikirini hofu yao: ajuaye njia amelala, na nyuma kuna watu wanaowatafuta!

Tena Bibi huyu hakujua kusoma wala kuandika. Mwezi wa Desemba 1854 alitaka kuwatoa ndugu zake. Akamwomba rafiki amwandikie barua kwa Jacob Jackson, mtu mweusi aliyekuwa huru na aliyejua kusoma. Maneno yalikuwa ya mafumbo, kwa sababu barua za watu weusi zilifunguliwa kwanza na wazungu. Waliisoma, wasifahamu kitu. Jackson naye alipoiona akafahamu mara moja, lakini akajifanya haelewi, akasema si yake. Kisha akaenda mbio kuwaambia wale ndugu. Wakati wa Krismasi waliondoka na dada yao.

Mwezi wa Juni 1863, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, aliwaongoza askari wa serikali katika mto Combahee, South Carolina. Watumwa zaidi ya 700 walipata uhuru.

Ugonjwa wake haukupona. Uzeeni alipasuliwa kichwa mjini Boston, kwani sasa maumivu yalimnyima usingizi. Alifariki Auburn, New York, tarehe 10 Machi 1913.

Sasa mwalimu wenu ataandika ubaoni: mtumwa, mtoro, barua, huru. Yasomeni, kisha yaandikeni.