Mkahawa wa Kihindi Mjini London

Msomaji, jitie katika mwaka wa 1811, usiku wa baridi mjini London. Uingereza iko vitani na Napoleon, na vitu ni ghali. Unapita George Street, karibu na Portman Square, mtaa wa watu wakwasi, mara unapigwa na harufu ya bizari na pilipili. Ingia ndani. Viti ni vya mianzi, na kutani zimetundikwa picha za Bara Hindi. Kando kuna chumba cha wavutao kiko cha maji. Mbele yako unaandaliwa wali na mchuzi, na anayekukaribisha si Mwingereza, bali ni Mhindi mzaliwa wa Patna, jina lake Sake Dean Mahomed.

Wewe uliyekulia Kenya, ambako chapati na biriani ni vyakula vya kila siku, pengine huoni ajabu. Hata London mchuzi wa bizari haukuwa mgeni, kwani mkahawa mmoja wa Waingereza ulikuwa ukiuuza tangu 1773. Jambo jipya lilikuwa kwamba Mhindi mwenyewe ndiye mwenye nyumba, akiwauzia wakubwa wa Kiingereza chakula cha kwao kwa fahari.

Mtu huyu alifikaje huko? Alizaliwa mwaka wa 1759. Baba yake alikuwa askari wa Kampuni ya India ya Mashariki, ile kampuni ya Kiingereza iliyoanza kwa biashara ikaishia kuteka nchi kwa majeshi yake, naye aliuawa kazini mtoto angali mdogo. Yatima huyo akaandamana na afisa mmoja, Godfrey Baker, akawa askari wa Kampuni ile ile. Mwaka wa 1784 alimfuata Baker mpaka Cork, katika Ireland. Huko alimwoa Jane Daly, mwanamke wa Kiairish, na mwaka wa 1794 akachapisha kitabu cha safari zake, kitabu cha kwanza kuandikwa na Mhindi kwa Kiingereza. Baadaye alihamia London, akafanya kazi katika nyumba ya tajiri mmoja aliyekuwa na hamamu ya mvuke, kisha mwaka wa 1810 akafungua mkahawa wake, Hindoostane Coffee House.

Wateja aliowatazamia ni wale waliotajirika Bara Hindi wakarudi kustarehe kwao. Nami naona hapo ndipo hesabu ilipokosea. Mabwana hao waliweza kuweka wapishi wao nyumbani, wakala mchuzi bila kutoka mlangoni. Wafanyi biashara wa Kampuni nao walikuwa na mkahawa wao wa zamani, Jerusalem Coffee House, huko katikati ya mji wa biashara, wala hawakuwa na haja ya kwenda mbali. Alitangaza katika gazeti la The Times kwamba michuzi yake haina mfano Uingereza. Sifa alizipata, lakini mali hakupata, na mwaka wa 1812 alifilisika.

Mwaka uliofuata tangazo lake jingine lilitokea katika gazeti lilo hilo. Safari hii hakuita wageni. Alitafuta kazi ya utumishi katika nyumba ya bwana yeyote, akisema kwamba ajua kununua sokoni na kuongoza jiko, na kwamba yu tayari kukaa mjini au shamba. Fikiri: mtu wa miaka zaidi ya hamsini, mwandishi wa kitabu, aliyekuwa juzi tu mwenye mkahawa! Wako watakaoona haya kwa niaba yake. Mimi sioni haya. Alikuwa na mke na watoto, nao walitaka kula.

Mwaka wa 1814 walihamia Brighton, mji wa pwani. Huko alianzisha hamamu ya mvuke na kuwakanda watu viungo kwa ufundi wa Kihindi, kama vile watu wa mwambao wetu wanavyosinga. Kazi hiyo ilifanikiwa mno, hata akateuliwa kuwahudumia Mfalme George wa Nne na baadaye Mfalme William wa Nne. Alifariki Brighton mwaka wa 1851.

Kwa miaka mingi waliomkumbuka walimkumbuka kwa hamamu tu. Mwaka wa 2005 ndipo George Street ilipotiwa bamba la kuonyesha mahali mkahawa ulipokuwa. Liko kwenye nyumba nambari 102, ingawa yeye alipokuwa akipika nambari ilikuwa 34.