Mshambuliaji asiyefunga na hesabu iliyochelewa

Mwaka 1978 waandishi wa habari za hoki ya barafu Amerika Kaskazini walipiga kura kwa mara ya kwanza kumtuza mshambuliaji hodari zaidi wa kuzuia. Tuzo hiyo, iliyopewa jina la Frank J. Selke, ilikwenda kwa Bob Gainey wa Montreal Canadiens, aliyeitwaa miaka 4 mfululizo.

Gainey alicheza mechi 1,160 za ligi ya NHL kati ya 1973 na 1989, na hakuwahi kufikisha mabao 25 katika msimu mmoja. Kazi yake ilikuwa kumnyima nafasi mfungaji mkuu wa wapinzani. Lakini bao lililozuiwa lisifungwe haliandikwi popote.

Kipimo kilichokaribia kazi hiyo kilikuwa cha kujumlisha na kutoa. Montreal walikitumia wenyewe tangu miaka ya 1950, na NHL ikakifanya rasmi msimu wa 1967-68. Aliye uwanjani timu yake inapofunga huongezewa alama moja. Ikifungwa, hupunguziwa moja. Bao linalopatikana wakati wapinzani wamepungukiwa mtu kwa adhabu halihesabiwi.

Hesabu hiyo ilikuwa na dhuluma ndani yake. Mchezaji anayetumwa kila mara kukabiliana na washambuliaji wakali, tena mchezo ukianzia karibu na lango lake, hulimbikiza hasara. Mwenzake anayekutana na wanyonge hupata sifa. Isitoshe, mabao ni machache, na kipa mbovu huweza kuwaharibia hesabu wote walio mbele yake.

Ufumbuzi ulitoka langoni. Jim Corsi, kocha wa makipa wa Buffalo Sabres, alikuwa akihesabu kila shuti lililoelekezwa golini, liwe limedakwa, limetoka nje au limezuiwa na mchezaji, ili ajue kipa amebeba mzigo kiasi gani. Katika miaka ya 2000 mashabiki wenye kupenda hesabu waliuchukua mtindo huo na kuwapima nao wachezaji wote. Mechi yenye mabao 5 au 6 huweza kuwa na majaribio zaidi ya 100, hivyo bahati ina nafasi ndogo zaidi. Baadaye wakazingatia pia uwezo wa wapinzani na sehemu ya uwanja ambako mchezo ulianzishwa. NHL yenyewe ilianza kuchapisha hesabu ya majaribio mwaka 2015.

Patrice Bergeron wa Boston Bruins, mshindi wa tuzo ya Selke mara 6 hadi mwaka 2023, alisifiwa na macho na takwimu vilevile. Hata hivyo yeye alikuwa pia mfungaji mzuri, kama walivyo Anze Kopitar na Aleksander Barkov waliowahi kuitwaa. Mtu wa aina ya Gainey ni nadra kupigiwa kura siku hizi, na Gainey mwenyewe hawezi kupimwa upya ipasavyo: enzi zake ligi haikuandika mashuti yaliyozuiwa.