Mlango wa Kabati na Useremala wa Kariakoo

Dar es Salaam kuna malalamiko mengi kuhusu samani. Inasemwa kuwa useremala umekufa, kwamba kabati la mninga lililorithiwa na watoto na wajukuu limelipisha kabati la vumbi la mbao linalotoka China likiwa vipande ndani ya boksi, na kwamba fundi wa siku hizi si seremala tena bali ni mtu mwenye bisibisi anayezunguka kunyoosha milango iliyopinda. Makala haya yanatetea jambo lililo kinyume. Kunyoosha mlango uliopinda ni kazi kongwe katika useremala wa mwambao, kwa sababu nyumba zetu hazikuwahi kunyooka kiasi cha kumruhusu seremala aondoke moja kwa moja baada ya kutundika mlango. Kilichobadilika ni mahali pa kurekebishia. Zamani palikuwa kwenye mbao, leo pako kwenye chuma, na badiliko hilo linamdai fundi akili zaidi kuliko tunavyomhesabia.

Tuanze na milango inayosifiwa kuliko yote, ile ya kuchonga ya Unguja, Lamu na Bagamoyo. Watazamaji wengi huishia kwenye nakshi, ilhali elimu kubwa imo katika jinsi mlango unavyozunguka. Mlango wa aina hiyo kwa kawaida hauna bawaba. Kila ubao una ncha mbili, ya juu na ya chini, zinazozunguka ndani ya matundu ya fremu, na uzito wote huketi juu ya ncha ya chini. Mbao nzito zikisugua tundu kwa miaka mingi hulila, na tundu likiliwa ubao hushuka, huanza kukwangua kizingiti, na mfaa wa katikati hauzibi tena mwanya uliowekewa. Basi hata kazi ya thamani kubwa kabisa ilimhitaji fundi arudi. Nyumba yenyewe nayo ilijengwa kwa kufuata kipimo cha kitu kilichotoka mbali. Upana wa vyumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko kutoka delta ya Rufiji, zilezile zilizopakiwa majahazini kwenda Uarabuni. Anayedhani kwamba kununua samani zilizokatwa kwa kipimo cha msafara ni uzushi wa juzi azikumbuke boriti hizo.

Dar es Salaam ni mji mchanga ukilinganishwa na miji hiyo. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar aliuanzisha katika miaka ya 1860 akafariki mwaka 1870 kabla haujasimama, nao ukapata uzito mwaka 1891 Wajerumani walipohamishia makao yao hapo kutoka Bagamoyo. Wajerumani waliugawa mji kwa kanuni za ujenzi, na Waingereza walioutwaa mwaka 1916 wakaukaza mgawo huo: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katika eneo la biashara, Waafrika ng'ambo ya uwazi wa Mnazi Mmoja, ndiko Kariakoo. Ulikuwa ubaguzi wa rangi uliovikwa vazi la vifaa vya ujenzi, kwani kanuni zilizungumzia aina za nyumba, na walioangukia upande wa miti, udongo na makuti walijulikana. Jambo hilo lina maana kubwa kwa seremala. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, yenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na uani nyuma, ilikuwa na kuta za udongo zinazotitia kila masika. Fremu hufuata ukuta, na mlango hufuata fremu. Fundi aliyetumia bawaba za kawaida alikuwa na njia mbili tu: kupiga randa ukingo unaokwama, au kung'oa bawaba na kuichimbia kitako kipya kwa patasi. Zote mbili hula mbao. Mlango uliovimba kwa mvua ukapunguzwa kwa randa huacha mwanya kiangazi kinapoingia, na hakuna randa inayorudisha kilichokwanguliwa.

Watakaosema kwamba mbao za vumbi zililetwa na Wachina wasome upya historia ya viwanda vyetu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilivikusanya viwanda vikubwa vya mbao chini ya shirika la umma la TWICO, na miongoni mwa viwanda vya nchi hii kikawamo cha Tembo Chipboards, Mkumbara, mkoani Tanga, ambacho jina lake pekee linatosha kueleza kilichotengenezwa humo. Uamuzi huo haukuwa wa kijinga. Nchi iliyokuwa ikijenga nyumba kupitia Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962 na kubomoa vibanda vya Magomeni ili kuweka nyumba za matofali, ilihitaji ubao ulio sawa, mpana na wa bei nafuu. Mti wa mninga hautoi ubao wa upana huo bila kuunganishwa, na huchukua miongo mingi kukomaa. Ubao wa vumbi una udhaifu mmoja mkubwa: ukingo wake hauishiki skrubu, hivyo bawaba ya zamani inayofungwa ukingoni hung'oka nao.

Udhaifu huo ndio uliofanya bawaba ya kikombe ienee, ile inayojificha mlango ukifungwa, iliyosambazwa duniani na viwanda kama Salice cha Italia, Hettich cha Ujerumani na Blum cha Austria. Haifungwi ukingoni. Huzamishwa katika tundu la mviringo lenye kipenyo cha milimita 35 lililotobolewa kwenye uso wa ndani wa mlango, na mkono wake hukaa juu ya bamba lililofungwa ubavuni mwa kabati. Ndani ya kifaa hicho kidogo mmewekwa masahihisho ambayo seremala wa Kariakoo ya udongo aliyafanya kwa randa na patasi. Skrubu ya mbele huusogeza mlango kushoto au kulia, ya nyuma huuvuta ndani au kuutoa nje, na zile za bamba zikilegezwa huruhusu mlango kupanda au kushuka. Kosa la randa ni la milele. Kosa la skrubu hurudishwa kwa nusu mzunguko. Katika mji ambao mpangaji huhama na kabati lake, likapakiwa kwenye kirikuu na kuwekwa juu ya sakafu nyingine yenye mteremko mwingine, uwezo wa kurudisha kosa ni jambo kubwa sana. Kabati la mninga lililopigwa randa ili likae vizuri kwenye chumba kimoja hubeba kilema chake hadi chumba kinachofuata.

Biashara ndiyo iliyozifikisha bawaba hizo kwa wananchi wa kawaida. Baada ya miaka ya uhaba, kuanzia mwaka 1984 serikali ililegeza masharti ya uagizaji, na chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa, Kariakoo ikageuka kutoka mtaa wa nyumba za chini zenye uani kuwa soko la jumla la maghorofa linalowavuta wanunuzi kutoka Zambia, Kongo, Malawi na Komoro. Mzigo unaosafiri umbali huo lazima uwe bapa. Viwanda vya Ulaya vililijua hilo zamani: kiti namba 14 cha Thonet, cha mwaka 1859, kilifungashwa vipande vya viti 36 katika sanduku la meta moja ya ujazo.

Pingamizi zito ni la maseremala wenyewe, hasa wa Keko, ambao karakana zao zimeulisha mji huu vitanda, sofa na makabati kwa miaka mingi. Wanasema kabati la boksi linawanyang'anya kazi, na hawakosei: mteja aliyekuwa akiagiza kabati kwao leo anaweza kulinunua siku hiyohiyo Kariakoo. Hata hivyo dawa si kulisuta kabati la ubao wa vumbi kana kwamba mninga ungerudi. Ripoti ya mwaka 2007 ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea ya porini, kuhusu magogo ya kusini mwa Tanzania ilionyesha kuwa China iliandikisha kupokea mbao mara kumi ya zile ambazo Tanzania iliandikisha kuiuzia, yaani nyingi zilitoka bila kuandikishwa. Misitu iliyovunwa namna hiyo haiwezi kuwa msingi wa kabati la kila mpangaji wa Tandika na Manzese. Tena karakana za mjini zenyewe hutumia MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, na bawaba za kikombe, kwa hiyo ukuta kati ya seremala na mnyoosha milango ni mwembamba kuliko unavyosimuliwa.

Pingamizi la pili linasema kwamba kuzungusha skrubu si ufundi, kila mwenye bisibisi anaweza. Hapa ndipo ujuzi unapodharauliwa isivyo haki. Mlango uliopinda mara nyingi si kosa la mlango. Fundi anayejua huanza na sanduku: hupima kona kwa kona, na vipimo viwili visipolingana, hajagusa bawaba bado. Huangalia kama ubao mwembamba wa nyuma ulipigiliwa kabla sanduku halijanyooshwa, maana ubao huo ndio unaolishikilia lisilale upande. Huweka pima maji, huinua mguu uliozama sakafuni, kisha mara nyingi hukuta milango imejirudi yenyewe. Baada ya hapo ndipo huja skrubu, robo mzunguko kwa robo, bawaba ya juu ikisikilizana na ya chini. Na kwa joto la pwani, maji ya deki yakiingia chini ya kabati, ubao huvimba na tundu la skrubu hupanuka; anayeijua kazi hulijaza kwa kijiti na gundi, hungoja kikauke, halafu hufunga upya. Asiyejua hukaza skrubu ileile mpaka ubao upasuke, kisha humwambia mwenye mali kwamba vitu vya China havina maana.

Mfuatano huo wa sanduku kwanza, sakafu pili, bawaba mwisho ni uleule wa seremala aliyetazama ukuta na fremu kabla ya kushika randa. Kinachokosekana ni heshima na mafunzo. Vyuo vya VETA viliweke somo hili wazi katika useremala, badala ya kuliacha lijulikane kwa kuiba kwa macho kutoka kwa fundi mwingine. Waagizaji wa Kariakoo waweke ndani ya kila boksi karatasi ya maelekezo ya Kiswahili, na wauze bawaba za akiba zinazolingana na zile walizouza. Nawe mteja, fundi akianza kazi kwa kupima sakafu yako badala ya kushika bisibisi, usimharakishe, na umlipe kama seremala.