Dau la David Levy

Mnamo mwaka wa 1968, David Levy, bingwa wa sataranji wa Uskoti, aliwekeana dau la pauni 500 na John McCarthy, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, kwamba katika miaka 10 hakuna mashine itakayomshinda. Mwaka wa 1978, mjini Toronto, alipambana na programu ya Chess 4.7. Alicheza kwa subira, akiiacha mashine, isiyojua kupanga mambo ya mbali, ijiharibie yenyewe. Katika mchezo wa nne aliiacha subira hiyo, akaingia katika mapambano ya kuhesabu, akashindwa. Hata hivyo, alilishinda dau kwa pointi 3,5 dhidi ya 1,5. Mwaka wa 1989, Deep Thought ilimshinda michezo yote 4: mashine ilipoanza kuona mbali, subira peke yake haikumtosha.