Jinsi ya kubadilisha swichi za mfumo wa simu bila kukata mawasiliano

KATIKA ukanda wa Ruiru, Juja na Thika, wenye viwanda, hospitali na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, simu ya mezani haijafa. Kilichobadilika ni njia inayopitia sauti. Shirika la Posta na Simu la Kenya lilipogawanywa mwaka 1999 na Telkom Kenya ikazaliwa, ofisi kubwa zilitegemea nyaya za shaba na opereta. Kebo za baharini za SEACOM na TEAMS, zilizofika Mombasa mwaka 2009, ziliharakisha mtindo mwingine: sauti kusafiri katika mtandao uleule wa kompyuta.

Katika mtandao huo, swichi ndiyo njia panda. Ni kisanduku chenye matundu ambamo kebo za simu huchomekwa, na mara nyingi simu hupata hata umeme wake kupitia kebo hizo. Seva ndiyo inayojua nani anampigia nani, lakini simu mbili zikishaunganishwa, aghalabu sauti hutoka simu moja hadi nyingine bila kupitia seva. Ndiyo maana seva ikizimika mazungumzo yaweza kuendelea, ilhali swichi ikizimika hukatika papo hapo.

Kwa kuhofia hayo, hospitali au kiwanda huweka vitu viwili viwili: seva mbili, swichi kuu mbili, njia mbili za kwenda nje. Tatizo ni kwamba cha pili huenda hakijawahi kujaribiwa. Swichi zote mbili zaweza kuwa zimechomekwa kwenye betri moja ya akiba, au kebo zote mbili zinapita katika bomba moja. Umeme wa Juja ukipotea, au mchimba mtaro akikosea, pacha wote huanguka pamoja. Fundi makini hulizima pacha moja kwa makusudi usiku mmoja, kabla ya swichi mpya kutolewa kwenye boksi, kisha hupiga simu ndani na nje.

Hesabu ya umeme nayo hupuuzwa mno. Kiwango cha kimataifa cha mwaka 2003 kiliruhusu wati 15.4 kwa kila tundu. Swichi ya matundu 48 ingehitaji karibu wati 740 kuyatosheleza yote kwa kiwango hicho, lakini nyingi huuzwa zikiwa na uwezo wa wati 370 tu. Simu nyingi hula kidogo kuliko hapo; hata hivyo, ni heri kujumlisha kabla ya kununua. Mipangilio ya swichi ya zamani pia hunakiliwa, hasa sehemu iliyotengewa sauti na alama inayoipa sauti kipaumbele. Swichi ya kampuni nyingine haisomi mipangilio hiyo; sharti iandikwe upya.

Kazi yenyewe huanzia upande usiobeba mzigo. Swichi hiyo hutolewa, mpya huwekwa, na huachwa ifanye kazi walau siku nzima. Ndipo mzigo huhamishiwa kwake na ya pili kubadilishwa. Kubadilisha zote usiku mmoja ni kutupa akiba iliyogharimiwa.

Hatari mbili hujitokeza hapa. Kebo mbili kati ya swichi zaweza kuunda mzunguko ambamo data huzunguka bila kikomo. Kinga ya zamani dhidi ya mzunguko huo huchukua sekunde 30 hadi 50 kufungua njia nyingine. Ile ya haraka, iliyotolewa mwaka 2001, huchukua sekunde chache. Hatari ya pili ni seva mbili kupotezana: kila moja hudhani mwenzake amekufa na zote hushika usukani. Kebo ya moja kwa moja kati yake, isiyopitia swichi inayotolewa, huzuia jambo hilo.

Mipango yote hiyo huishia kwenye meza ya mtumiaji. Simu ya mezani kwa kawaida ina kebo moja tu ya kuiunganisha na swichi, na haina pacha. Ikihamishwa, huwaka upya, mara nyingi kwa dakika moja au zaidi, na kompyuta iliyochomekwa nyuma yake hupoteza mtandao pia. Hapo hakuna ujanja ila kuzihamisha moja moja, huku simu za meza jirani zikigawanywa kati ya swichi mbili tofauti. Chuoni, likizo hutoa nafasi. Kiwandani kunakofanywa kazi kwa zamu tatu, hakuna usiku wa kusubiri. Katika chumba cha dharura cha hospitali, wauguzi huelezwa mapema na hupewa simu ya mkononi hadi ya mezani ilie tena.

Swichi ya zamani huwekwa kando hadi mwisho wa mwezi, shughuli za mishahara na hesabu zinapoongezeka. Kabla ya kuuzwa au kutupwa, hufutwa kabisa, kwani ndani yake mna nywila na ramani ya mtandao mzima.