Shangazi aliona fomu 34A, debe hakuliona

Wasee, wacha nikiri: 9 Agosti 2022 sikupiga kura. Nilijiandikisha Januari mwaka huo nikiwa campo Eldoret, fasti yia, nimejaa moto. Kufika Mei karo ikakataa kabisa, nikarudi Nairobi. Muda wa kuhamisha kituo ulikuwa umepita. Wiki ya uchaguzi pesa ya gari ilipanda vile nyinyi mnajua hupanda, nami mfukoni nilikuwa na ya mkate. Jina langu likabaki Eldoret kwa daftari, mwili uko Umoja.

Shangazi yangu alinipigia kutoka Riyadh. "Sasa wewe uko Kenya na hukupiga? Na mimi ningefanyaje?"

Hilo swali lilinisumbua mpaka nikaanza kusoma.

Kura ya Kenya tangu zamani inataka mwili wako. Mwaka wa 1988, kwa mchujo wa KANU, watu walipanga mlolongo nyuma ya wagombeaji wao wakahesabiwa kama ng'ombe wa dip. Ukiwa safarini, pole. Mlolongo uliisha, lakini lile wazo la "kama hauko hapa, hauhesabiwi" lilibaki.

Halafu ikaja Katiba ya 2010. Kifungu cha 82 kinaagiza Bunge litunge sheria ya kuwaandikisha Wakenya walio nje na kuwapa haki ya kupiga kura, hatua kwa hatua. Hayo maneno matatu, manze, ndiyo yamefanya kazi yote. Mwaka wa 2013 hatua ilikuwa Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Walioandikishwa ni zaidi kidogo ya 2,600, na kura yao ni ya rais tu. Wengine waliona huu ni mchezo wakaenda kortini. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na 2015 majaji wakasema haki ipo, ila itekelezwe polepole. 2017 ikaongezwa Afrika Kusini. 2022 zikafika nchi 12, zikiwemo Marekani, Uingereza, Qatar na Falme za Kiarabu.

Walioandikishwa nje mwaka huo: 10,443. Daftari lote lilikuwa na zaidi ya milioni 22.

Saudi Arabia haikuwa kwa hizo 12. Nchi yenye makumi ya maelfu ya dada zetu, mama zetu, madereva na walinzi. Shangazi angetaka kupiga kura ingebidi avuke mpaka hadi Doha au Dubai, kwanza kujiandikisha, halafu tena Agosti. Na paspoti yake ilikuwa kwa kabati ya mwajiri. Huyo bosi unamwambia nini? Naomba siku mbili nikachague rais?

Lakini kuna kitu kinanifanya nisiseme serikali haiwezi. Baada ya 2017, Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa rais na maneno ya seva kujaa kila mahali, tume ililazimika kujifunza uwazi. Kwa hivyo 2022 fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwa mtandao, mtu yeyote azifungue. Shangazi alizifungua. Usiku baada ya kazi, simu chini ya blanketi, anajumlisha. Alitafuta ile ya shule ya msingi ya ushago kwetu, akasoma sahihi za maajenti, akatutumia kwa grupu ya familia kabla mtu yeyote wa nyumbani hajaiona.

Yaani habari ilimfikia Riyadh bila shida. Alijua kura za kijiji kuliko mimi. Na pesa yake nayo haikuambiwa ije hatua kwa hatua. Benki Kuu ilihesabu zaidi ya dola bilioni 4 zilizotumwa nyumbani na Wakenya walio nje mwaka huo huo. Hizo hazikusubiri orodha ya nchi 12.

Mtu ataniambia vituo ni gharama. Sawa, nakubali, sanduku na maafisa kila mji si bure. Lakini mimi nilikuwa ndani ya Kenya, kilomita mia tatu hivi kutoka jina langu, na bado nilikosa. Hapo hata ubalozi hauhitajiki.

Nimeshahamisha kituo changu. Foleni ilikuwa fupi, dakika kumi nimemaliza. Nilimtumia shangazi picha nikiwa nje ya ofisi. Akajibu na kidole gumba, kisha: "Na sisi 2027 wametuweka?"

Bado sijamjibu.