Ulinganifu

Neno ulinganifu, lenye asili ya kitenzi linga kupitia lingana, hutaja hali ya nusu mbili za umbo kufanana pande zote za mstari wa katikati, na usoni huhusu hasa macho, nyusi na pembe za midomo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba Wahadzabe wa Tanzania na Waingereza walipendelea nyuso linganifu zaidi, na mwelekeo huo ulikuwa na nguvu zaidi kwa Wahadzabe. Hata hivyo, hakuna uso uliolingana kikamilifu, na Waswahili husifu hata kidoti, yaani alama ndogo nyeusi iliyo kwenye shavu moja tu. Kwa hiyo ulinganifu usifanywe kipimo pekee cha uzuri.